Kuimba Mara ya Pili: Albamu ya Utu Uzima ya Mwenda wa Bayeke na Nafasi ya Gitaa katika Fasihi ya Kiswahili



Katika mihadhara ya namna hii tumezoea kusikia habari za tendi za kale, mashairi ya Lamu na Mombasa, riwaya za Shaaban Robert, na hati zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hizo ndizo nguzo za taaluma yetu, nami sina nia ya kuzitikisa. Leo naomba ruhusa ya kuwaelekeza kwenye matini ya namna nyingine, yaani albamu moja ya muziki. Iliimbwa na mpiga gitaa wa Katanga, ikarekodiwa Cape Town mwaka 1988, na ikatolewa Marekani mwaka 1994, miaka minne baada ya mwimbaji kufariki. Mwimbaji huyo ni Mwenda Jean Bosco, ambaye albamu hiyo inamtaja kwa jina la Mwenda wa Bayeke.

Hoja yangu ni moja. Wimbo unaoimbwa tena na fanani yuleyule baada ya miaka mingi si nakala iliyochakaa ya wimbo wa ujana. Ni toleo la pili la kazi ya fasihi, lenye haki ya kusomwa sawa na lile la kwanza. Taaluma inayolihifadhi toleo la kwanza peke yake hupoteza nusu ya ushahidi wake. Nitajitahidi pia kuonyesha kwamba jambo hili linawahusu moja kwa moja watu wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa, ambako waimbaji wengi wa umri mkubwa hawajapata kurekodiwa hata hiyo mara ya kwanza.

Mwimbaji na asili yake

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, katika Katanga ya wakati wa utawala wa Kibelgiji. Jina la mahali hapo si geni kwa wanafunzi wa historia ya Tanzania. Bunkeya ulikuwa mji mkuu wa Msiri, mtawala wa Wayeke, aliyeuawa Desemba 1891 wakati msafara wa Kapteni Stairs ulipofika kuitwaa nchi hiyo kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili. Wayeke wenyewe walitoka Unyamwezini, magharibi mwa Tanzania ya leo, wakifuata biashara ya shaba na pembe za ndovu. Kwa hiyo mtu anayejiita Mwenda wa Bayeke anajitambulisha kwa ukoo uliovuka Tanganyika kwenda magharibi, na kwa jina ambalo Msiri mwenyewe alikuwa nalo. Tunapomjadili hapa hatuchukui mtu wa mbali na kumleta kwetu kwa nguvu. Njia ya kumfikia ilikwisha kupitwa na misafara karne moja kabla ya yeye kuzaliwa.

Alikulia katika nchi ya migodi. Kampuni ya Union Minière ya Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilivuta wafanyakazi kutoka kila upande, na miji ya Elisabethville, Jadotville na Kolwezi, ambayo leo tunaiita Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, ikajaa watu wasiokuwa na lugha moja ya mama. Kiswahili kikawa lugha ya kazini, ya mitaani, ya kanisani na ya burudani. Katika miji hiyo gitaa lilikuwa chombo cha kijana mwenye mshahara mdogo. Lilinunulika, lilibebeka, na halikuhitaji kundi la wachezaji kama ngoma ya kijijini.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika ya kati na ya kusini kurekodi muziki, alimrekodi Mwenda huko Jadotville. Wimbo uitwao Masanga ulitoka katika rekodi hizo, ukauzwa kwa santuri za kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, na ukamfanya kijana wa miaka 22 ajulikane mbali na kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikaa kwa muda Nairobi, akasikika redioni, na wapiga gitaa wa Kenya wa kizazi hicho wakajifunza kwake. David Rycroft, mtaalamu wa muziki na lugha za Kiafrika, alichapisha makala mbili juu ya upigaji wake katika jarida la African Music, mwaka 1961 na 1962. Si wanamuziki wengi wa Kiafrika wa wakati huo waliopata kuandikiwa uchambuzi wa noti kwa noti wakiwa bado vijana.

Upigaji wenyewe ni wa vidole viwili. Kidole gumba hushughulikia nyuzi nene, na kidole cha shahada hucheza nyuzi nyembamba. Sikio lisilozoea hudhani linasikia magitaa mawili. Juu ya mzunguko huo wa nyuzi mwimbaji hutandaza maneno yake. Wakati mwingine huyatanguliza, wakati mwingine huyachelewesha, na mara nyingi huliacha gitaa liseme peke yake.

Santuri ya dakika tatu

Hapa yafaa tusimame kidogo tuangalie kile tunachokiita toleo la asili. Santuri ya wakati ule, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilikuwa na nafasi ya kama dakika tatu kila upande. Mwimbaji aliyezoea kuimba kilabuni au barazani mpaka wasikilizaji watosheke alilazimika kuukata wimbo wake ili utoshe. Alichagua beti mbili au tatu, akafupisha vipande vya gitaa, akamaliza kabla sindano haijafika katikati ya sahani.

Wanafunzi wa fasihi simulizi hawatashangaa nikisema kwamba rekodi hiyo si wimbo mzima. Ni utendaji mmoja, wa siku moja, mbele ya hadhira moja, tena hadhira ya ajabu, yaani mzungu mwenye mashine na kipimo cha muda. Tumefundishwa kwamba katika fasihi simulizi kila utendaji huizaa kazi upya, na kwamba fanani, hadhira na mahali ni sehemu ya matini. Lakini tunapofika kwenye muziki uliorekodiwa tunaisahau kanuni hiyo. Tunaichukua santuri ya kwanza kuwa ndiyo wimbo, na kila kinachofuata tunakihesabu kuwa marudio.

Kosa hilo lina gharama. Tukimchukua mwimbaji aliyetunga akiwa na miaka 22 na akaendelea kuimba hadi miaka 60, nasi tukahifadhi mwaka mmoja tu wa maisha hayo, tutakuwa tumefanya kama mhakiki anayemsoma mshairi kwa diwani yake ya kwanza peke yake, kisha anatoa hukumu juu ya maisha yake yote.

Mfano wa bluzi

Jambo hili limekwisha kujadiliwa kwa kirefu katika muziki mwingine wa mtu mmoja na gitaa lake, nao ni bluzi ya Wamarekani weusi wa kusini. Nieleze mapema kwamba sidai Mwenda alikuwa mpiga bluzi. Gerhard Kubik, katika kitabu chake cha mwaka 1999 juu ya Afrika na bluzi, aliitafuta mizizi ya muziki huo hasa katika nchi za savana za Afrika Magharibi, wala si Katanga. Undugu ninaousema ni wa hali ya maisha. Pande zote mbili tunamkuta mtu wa shamba au wa mgodi, kazi ya ujira, reli, chombo kimoja mkononi, na kampuni ya santuri inayopita mara moja na kuondoka.

Mississippi John Hurt alirekodiwa mwaka 1928 na kampuni ya Okeh. Santuri zake hazikuuzwa sana, naye akarudi kulima katika kijiji cha Avalon, jimbo la Mississippi. Mwaka 1963 kijana mmoja mpenzi wa santuri za zamani, Tom Hoskins, alifuata jina la kijiji lililotajwa katika wimbo mmoja wa Hurt, akafika Avalon na kumkuta mzee yu hai na gitaa bado analipiga. Hurt aliimba tena nyimbo zilezile alizoziimba miaka 35 nyuma, akashiriki tamasha la Newport mwaka huohuo, akarekodi albamu kadhaa, na akafariki mwaka 1966. Son House, aliyerekodiwa mwaka 1930, naye alipatikana mwaka 1964 na akarekodi tena mwaka 1965.

Wahakiki wa Marekani waligawanyika. Wapo waliosema kwamba rekodi za uzeeni ni kumbukumbu tu, kwamba nguvu imekwisha, na kwamba mtu wa kweli yumo katika santuri za zamani zenye mikwaruzo. Wengine walisema kwamba mzee anauimba wimbo akiwa anajua mwisho wa maisha ambayo kijana alikuwa akiyakisia tu. Mimi naona kundi la pili lina hoja yenye nguvu zaidi, na sisi wa Kiswahili tungeifikia bila msaada wao. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Baharia huenda nyuma ya chombo na mbele yake, lakini mwisho hurudi ngamani, mahali palipo chini kabisa. Mwenda wetu alikwenda tezi na omo. Alifika Nairobi, akashiriki tamasha hilohilo la Newport mwaka 1969, na akazuru Ujerumani mwaka 1982. Aliporudi ngamani alizikuta nyimbo zake za ujana zikimsubiri.

Albamu ya mwaka 1988

Albamu yenyewe inaitwa Mwenda wa Bayeke, na anwani yake ndogo ya Kiingereza inamtaja kuwa gwiji wa gitaa la Kiafrika. Ilitolewa na kampuni ya Rounder ya Marekani. Nataka tuzingatie mambo matatu.

La kwanza ni jina. Santuri za miaka ya 1950 zilimtambulisha kwa jina la ubatizo, Jean Bosco. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Mobutu, katika siasa yake ya uhalisia, iliwataka raia wa Zaire waache majina ya Kikristo ya kigeni. Siasa hiyo ilikuwa na mengi ya kulaumiwa. Hata hivyo, kwa Mwenda, jina lililobaki lilikuwa ni jina la kifalme la Bunkeya na la watu wake. Basi anayeimba mwaka 1988 si Jean Bosco wa mjini Jadotville, bali ni mzee wa Wayeke. Tungo ni zilezile, ila mwenye kuzimiliki amejitaja upya, na katika ushairi wa Kiswahili, ambamo mshairi hutia jina lake katika ubeti wa mwisho, sote tunajua uzito wa kujitaja.

La pili ni umri wa wimbo. Masanga imo katika albamu hiyo, ikiwa imepita miaka 36 tangu irekodiwe mara ya kwanza. Katika muda huo wimbo ulikuwa umepigwa na watu wengine mara zisizohesabika, umeandikwa kwa noti na wataalamu, na umefundishwa kwa wageni. John Low, Mwingereza aliyekwenda Shaba mwaka 1979 kujifunza gitaa la Katanga kwa wenyewe, alichapisha shajara ya safari yake mwaka 1982. Mtunzi anapouimba tena wimbo kama huo anashindana na kivuli chake mwenyewe. Msikilizaji naye ana nafasi adimu ya kuuliza ni kipi alichokihifadhi, ni kipi alichokiacha, na ni kipi alichokuwa amekikata mwaka 1952 kwa sababu ya ufupi wa santuri. Haya ni maswali ya kifilolojia. Ni maswali yaleyale tunayoyauliza tunapolinganisha hati mbili za utendi mmoja.

La tatu ni mahali. Mwaka 1988 Afrika Kusini ilikuwa bado chini ya ubaguzi wa rangi, na Umoja wa Mataifa ulikuwa ukihimiza mgomo wa kiutamaduni dhidi yake. Albamu ya Kiswahili ya mtu wa Katanga ikarekodiwa Cape Town na kutolewa Marekani. Sisemi hivi ili kumlaumu mwimbaji. Nasema ili tujiulize sisi wenyewe: katika miaka yote hiyo, ni studio gani ya nchi inayosema Kiswahili iliyomwita mtu huyu aje aimbe tena? Alialikwa na wengine. Septemba 1990 alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia. Lau albamu ile isingerekodiwa miaka miwili kabla, toleo la pili lingekwenda naye kaburini.

Ajali ni neno linalojirudia mno katika historia ya muziki wetu. Salum Abdallah, kiongozi wa Cuban Marimba ya Morogoro, alizaliwa mwaka 1928 na akafa katika ajali mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, akiwa hajafikisha miaka 35. Hao hatuna namna ya kuwasikia wakiimba mara ya pili. Sauti zao zimebaki katika ujana milele. Tunazipenda kwa sababu hiyo, lakini hatujui Mbaraka wa miaka 60 angewaambia nini wapenzi wa Mbaraka wa miaka 30.

Kiswahili cha ba- na mu-

Wapo watakaosema: hata tukikubali hayo yote, huyu haimbi Kiswahili chetu. Ni kweli kwamba Kiswahili cha Katanga kina sura yake. Mke huwa muke, watu huwa batu, utamu huwa butamu, wanakuja huwa banakuya. Kitenzi cha kuwa aghalabu husemwa kwa -ko, na mazoea huonyeshwa kwa kiambishi -ak- katika kitenzi. Kwa muda mrefu lahaja hiyo iliitwa Kingwana, jina lililotumika zaidi kwa dharau kuliko kwa maarifa, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki haikuihusu.

Johannes Fabian, aliyechunguza Kiswahili cha Lubumbashi kwa miaka mingi, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi lugha hii ilivyoundwa na mgodi, misheni na serikali ya kikoloni, na jinsi wafanyakazi wenyewe walivyoitwaa ikawa yao. Lugha iliyobeba vicheko, mapenzi, ulevi, deni na msiba wa watu mamilioni haiwezi kuwa kosa la sarufi.

Tena naomba wanafunzi wanaotoka Mbinga wafikirie jambo moja. Katika Kimatengo mtu ni mundu na watu ni bandu. Nobuko Yoneda, mtaalamu wa Kijapani aliyechapisha msamiati wa Kimatengo mwaka 2006, ametupatia ushahidi mzuri wa lugha hiyo. Mmatengo anayesikia batu na butamu katika wimbo wa Mwenda hasikii Kiswahili kilichoharibika. Anasikia Kiswahili kilichovaa nguo ya Kibantu anayoijua nyumbani. Huenda sikio lake likamsaidia kuielewa matini hiyo kuliko sikio la mtu wa pwani. Basi mwanafunzi wa Kitura, ambaye mara nyingi huambiwa kwamba lugha ya mama inamharibia Kiswahili, hapa ana mtaji ambao mwenzake wa Upanga hana.

Mbinga na mwambao wa Nyasa

Nimetaja Kitura, kata ya wilaya ya Mbinga, kwa makusudi. Upande ule wa mkoa wa Ruvuma una historia ya muziki inayofungamana na ile ya Katanga kuliko ramani za shule zinavyoonyesha. Wamatengo wa milimani walijenga kilimo cha ngolo, yale mashimo yanayozuia maji ya mvua yasibebe udongo, na baadaye wakawa wakulima wa kahawa. Ndugu zao wa mwambao, kuanzia Lituhi kupitia Liuli hadi Mbamba Bay, waliishi kwa samaki, mihogo na safari. Wanaume wengi wa kusini walikwenda mashamba ya mkonge, na wengine walielekea migodi ya Rhodesia na ya Afrika Kusini. Waliporudi hawakurudi na fedha peke yake. Walikuja na nyimbo, mitindo ya kuvaa, na vyombo vya muziki.

Ngoma ya mganda ni ushahidi ulio wazi. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya beni, alieleza jinsi gwaride la kijeshi na bendi za kikoloni zilivyogeuzwa kuwa ngoma za vijana tangu pwani ya Kenya na Tanganyika hadi bara, na jinsi beni ilivyozaa ngoma nyingine kando ya Ziwa Nyasa. Katika mganda wanaume hujipanga mistari, hupiga hatua za askari, na huvumisha vibuyu vinavyoiga tarumbeta. Beni ilifika pia katika miji ya migodi. Mwaka 1956 J. Clyde Mitchell alichapisha uchunguzi wake wa kalela, ngoma ya wafanyakazi wa Ukanda wa Shaba, ambayo ni ndugu wa beni na mganda. Kwa hiyo mchezaji wa mganda wa Liuli na mpiga gitaa wa Jadotville walikunywa katika chemchemi zinazokaribiana, ingawa hawakuonana.

Ng'ambo ya ziwa, nchini Malawi, ndugu wawili Daniel na Donald Kachamba walipata bahati ambayo wenzao wa upande wetu hawakuipata. Daniel, aliyeishi kati ya mwaka 1947 na 1987, alipiga gitaa kwa namna kadhaa, mojawapo ikiwa ile iitwayo hauyani, ambayo chombo hulazwa na kitu kigumu huteleza juu ya nyuzi. Namna hiyo iko karibu sana na ile ya wapiga bluzi wanaotelezesha shingo ya chupa. Kubik aliwafuatilia ndugu hao kwa miaka mingi, na katika mkusanyo wa filamu za wapiga gitaa wa Kiafrika alioutoa mwaka 1995, Daniel Kachamba yumo pamoja na Mwenda. Maji ni yaleyale ya ziwa moja. Upande mmoja una kumbukumbu, na upande wa pili una mapengo.

Sisemi kwamba mwambao wetu haukurekodiwa kabisa. Kapteni John Komba, aliyezaliwa mwaka 1954 na kufariki mwaka 2015, mbunge wa Mbinga Magharibi na kiongozi wa kundi la Tanzania One Theatre, aliacha rekodi nyingi. Sauti yake ilikuwa na chama na taasisi nyuma yake. Anayehitaji kufikiriwa ni yule asiye na chama wala taasisi: mzee anayejua nyimbo za mganda za vijana wa zamani, bibi anayezijua nyimbo za kihoda, na mpiga gitaa aliyeburudisha vilabu vya pombe katika miaka ya 1960, ambaye leo gitaa lake halina nyuzi. Hao ndio akina John Hurt wetu, na Avalon yao ni vijiji vinavyojulikana kwa majina.

Kazi iliyo mbele yetu

Kutokana na niliyoyaeleza, napendekeza mambo manne.

Kwanza, idara zetu ziwape wanafunzi wa shahada ya kwanza kazi ya kumrekodi fanani mmoja mzee katika wilaya zao, na kumrekodi zaidi ya mara moja. Leo simu ya mkononi ina uwezo wa kurekodi kwa saa nyingi. Ule ufupi wa dakika tatu uliomfunga Mwenda mwaka 1952 haupo tena, nasi hatuna kisingizio cha kukata beti za mtu.

Pili, nyimbo ziandikwe kama zilivyoimbwa. Tukisanifisha muke kuwa mke na batu kuwa watu kabla ya kuchapisha, tutakuwa tumeiua matini tuliyokwenda kuiokoa. Usanifu una mahali pake katika kamusi na vitabu vya kiada. Katika uhariri wa matini za fasihi simulizi kazi yetu ni kuwa waaminifu.

Tatu, haki ya mwimbaji itambuliwe. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ni chombo kilichoundwa kwa sheria hiyo. Waimbaji wengi wa enzi ya santuri walilipwa mara moja wakaondoka, huku nyimbo zao zikiuzwa kwa miongo kadhaa. Mtafiti anayeingia kijijini na kifaa chake, akatoka na wimbo, akaupatia shahada, bila kuandika jina la mtunzi na bila kumwachia nakala, hana tofauti kubwa na mfanyabiashara wa santuri.

Nne, nakala zibaki karibu na wenyewe. Maktaba ya Muziki wa Afrika aliyoianzisha Hugh Tracey mwaka 1954 ipo hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, nchini Afrika Kusini, nasi tunaishukuru. Lakini haifai mtoto wa Mbamba Bay alazimike kusafiri hadi huko ili asikie muziki wa babu wa babu yake. Shule za sekondari na ofisi za utamaduni za wilaya za Mbinga na Nyasa zinaweza kutunza nakala kwa gharama ndogo.

Hitimisho

Mabibi na mabwana, nimejaribu kuonyesha kwamba albamu ya utu uzima ya Mwenda wa Bayeke si tanbihi katika historia ya santuri zake za ujana. Ni matini inayojitegemea, yenye jina jipya la mtunzi, hadhira mpya, na wimbo ulioishi miaka 36 baina ya toleo na toleo. Imetufikia kwa sababu palikuwa na watu waliodhani kwamba mtu wa miaka 58 bado ana la kuimba. Kwa waimbaji wa Mbinga na wa mwambao wa Nyasa watu hao hawana budi kuwa sisi, na hasa ninyi wanafunzi, kwa kuwa ninyi ndio mnaozijua lugha zao na njia za kufikia nyumba zao.

Likizo inakaribia. Wale mtakaopanda basi la kwenda Songea na Mbinga mnakwenda kwenye maktaba ambayo milango yake iko wazi kwa muda mfupi tu. Muulizeni mzee ni wimbo gani aliuimba alipokuwa kijana. Akimaliza kuwaimbia, mwombeni auimbe tena.